Programu yangu ilimfundisha mtoto kusimama

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wale mnaokuja hapa kusoma mambo ya Python na seva mtaniwia radhi, maana leo naandika kuhusu piano. Lakini msikimbie. Tarakilishi imo ndani ya hadithi hii, tena ndiyo mkosaji. Au tuseme ukweli: mkosaji ni yule aliyeiandikia programu, yaani mimi.

Wengi wenu hamjui kwamba kila Jumamosi asubuhi huwa nafundisha watoto sita kupiga piano. Si kazi yangu. Kazi yangu mnaijua, ni kukaa mbele ya skrini nikitafuta hitilafu ambazo mara nyingi nimezipanda mwenyewe. Piano nilifundishwa nikiwa mtoto na mama mmoja wa kanisani kwetu, nikafika gredi ya tano ya ile mitihani ya ABRSM kutoka Uingereza ambayo watoto wengi wa Nairobi huifanya hadi leo, kisha nikaacha. Kwa nini niliacha nitawaeleza mbele.

Miaka michache iliyopita dada yangu aliniomba nimwonyeshe binti yake mahali pa kuweka vidole. Jirani akasikia, akamleta wake. Yule naye akamwambia mwenzake wa chama. Kabla sijajua, sebule yangu ilikuwa na watoto sita wa kati ya miaka saba na kumi na tatu, na mama mmoja aliyekuwa akiniita "Mwalimu" bila mzaha wowote.

Mwaka 2024 wazazi walikaa wakaamua. Tumenunua vinanda, walisema, tumevumilia kelele, sasa tunataka kuketi tusikie. Tukapanga tamasha dogo Jumamosi ya mwisho ya Novemba, shule zikiwa zimefungwa, katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu. Ukumbi ule una piano ya kweli, ya mbao na nyuzi. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kuwatayarisha.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, nilimpa Minuet ya G. Kama umewahi kupita karibu na nyumba ambamo mtoto anajifunza piano, umeisikia. Imo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena Bach, mke wa Johann Sebastian Bach, na kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba ni ya Bach mwenyewe. Miaka ya 1970 watafiti wakabaini kwamba aliyeitunga ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Watoto hawajali ni ya nani. Wanajali kwamba vidole vinafika.

Kipande hicho kina baa 32. (Baa hapa ni kile kisehemu cha muziki kilicho kati ya mistari miwili ya wima, si ile ya kunywea.) Kila baa ina mapigo matatu. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mtego. Kutoka baa ya 1 hadi ya 6, mkono wa kulia hupiga sauti zilezile utakazozipiga tena kutoka baa ya 9 hadi ya 14. Zilezile kabisa. Tofauti inakuja baa ya 7 na ya 15. Baa ya 7 huanza kwa kitufe cheusi, yaani F iliyopandishwa, nayo inakupeleka kwenye A, mahali ambapo sikio linasema "bado". Baa ya 15 huanza kwa kitufe cheupe, A, nayo inakushusha hadi G, ambapo sikio linasema "tumefika nyumbani".

Waandishi wa programu mmeshaliona tatizo. Mtoto akifika baa ya 15 na vidole vyake vikapiga ile ya 7, atajikuta amerudishwa mwanzo wa baa ya 9. Ataendelea, atafika tena ya 15, atapiga tena ya 7, atarudi tena ya 9. Ni kitanzi kisicho na mwisho. Hakuna sharti la kutokea.

Nalijua vizuri kwa sababu niliwahi kunaswa humo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, kipande ni hikihiki, ukumbi umejaa. Nilizunguka mara nne. Mara ya pili nilijua nimepotea. Mara ya tatu nikasikia mtu akicheka kwenye viti vya wanakwaya. Mara ya nne niliinuka, nikatoka kwa mlango wa nyuma, na sikupiga piano mbele ya watu tena kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi mpwa wangu alipoanza Minuet, niliapa kwamba yeye hatanaswa. Na mimi, kama mjuavyo, nikiogopa kitu huwa nakiandikia programu.

Vinanda vya umeme karibu vyote vina tundu la USB, na huongea lugha moja iitwayo MIDI ambayo watengenezaji walikubaliana mwaka 1983. Ni lugha nyepesi sana. Mtoto akibonyeza kitufe, kinanda hutuma baiti tatu: ya kwanza inasema "kitufe kimebonyezwa", ya pili ni nambari ya kitufe, ya tatu ni nguvu ya kidole. Nambari hizo huenda kutoka 0 hadi 127. C ya katikati ni 60. Kwa Python na maktaba moja ndogo iitwayo mido, unaweza kusoma haya yote kwa mistari isiyozidi kumi.

Niliandika orodha ya sauti za Minuet kwa mpangilio wake, kisha programu ikawa inalinganisha. Mtoto akibonyeza sawa, noti inakuwa kijani na mshale unasonga. Akikosea, noti inakuwa nyekundu, tarakilishi inalia kwa mkwaruzo, na mshale haisongi mpaka abonyeze iliyo sahihi. Mwishoni inampa alama kwa mia. Nilijivunia mno. Niliwaonyesha wenzangu kazini, wakaniambia niiuze.

Matokeo nayo yalikuwa mazuri, angalau kwenye skrini. Wiki ya kwanza mpwa wangu alikuwa na makosa 23. Baada ya wiki tano yalikuwa manne. Nilichora grafu. Mstari ulikuwa unashuka vizuri kama barabara ya kwenda Naivasha. Dada yangu akawa anamtumia mama yetu alama hizo kwa simu, na mama anazisoma kwa sauti kwa majirani huko nyumbani.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tulikwenda ukumbini kufanya mazoezi kwenye piano ile. Nilikuwa nimeikagua, na fundi alikuwa ameshapita kuilinganisha nyuzi. Watoto walipanda mmoja mmoja.

Mambo ya kwanza yaliyoharibika sikuyatarajia hata kidogo. Mvulana wa miaka minane aliketi, akaanza, na sauti ikatoka nzito kama ya ng'ombe. Alikuwa amekosea kwa vitufe saba vyeupe. Nyumbani kinanda chake kina vitufe 61, na amezoea kuhesabu C kutoka ukingo wa kushoto: ya tatu ndiyo ya katikati. Piano kamili ina vitufe 88, na kwa hiyo C ya katikati ni ya nne. Aliihesabu ya tatu, kama alivyofunzwa. Kosa halikuwa lake.

Msichana mwingine miguu yake haikufika sakafuni, ikawa inaning'inia, na mwili wote ukawa unayumba. Mvulana mkubwa kuliko wote, anayepiga Arabesque ya Burgmüller (ni ya pili katika mazoezi 25 aliyoyachapisha mwaka 1851), alianza kwa kasi ya bodaboda na kufikia ukurasa wa pili hakuwa na vidole vilivyobaki. Vitufe vya piano ya kweli ni vizito. Nyuma ya kila kimoja kuna nyundo ya mbao inayopaswa kurushwa ipige uzi. Kinanda chepesi cha plastiki hakimwandai mtoto kwa hilo.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi nikiwa nimetulia. Ni ya kurekebishika.

Kisha akapanda mpwa wangu.

Alianza vizuri. Baa ya 5 kidole kimoja kiliteleza, kikagusa kitufe cha jirani. Kosa dogo ambalo mtu aliyeketi mstari wa pili asingelisikia. Lakini alisimama. Mikono ilibaki hewani juu ya vitufe, na yeye akageuza shingo upande wa kushoto.

Nilitazama alikotazama. Palikuwa na ukuta tu.

Ikanichukua muda kuelewa. Nyumbani, kipakatalishi changu hukaa upande wa kushoto. Alikuwa anaitafuta skrini. Alikuwa anasubiri ile noti nyekundu imwambie kosa liko wapi, ndipo airudie, ndipo mshale usonge.

Nikamwambia, "Endelea tu, mama."

Akasema, "Mjomba, imekataa kusonga."

Alijaribu tena kutoka mwanzo. Akateleza baa ya 11, akasimama tena. Mara ya tatu hakufika hata baa ya 4. Kila kosa lilimsimamisha kama gari lililogonga tuta. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikunja mikono mapajani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimepata ngapi?"

Usiku ule dada yangu alinipigia simu. Mtoto amekifunika kinanda kwa leso na kusema hapigi tena. "Kaka," dada aliniambia, "sijui ulimwambia nini, lakini anasema hataki mashine ikasirike."

Sikulala. Nilifungua faili zote za kumbukumbu, maana programu yangu ilikuwa inahifadhi kila kitufe na muda wake hadi milisekunde. Nilizisoma upya, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: ni mara ngapi mtoto huyu amepiga Minuet kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama?

Jibu lilikuwa sufuri. Katika wiki tano hakuwa amewahi kufanya hivyo hata mara moja. Makosa yalipungua kutoka 23 hadi manne, grafu ikapendeza, na wakati wote huo nilikuwa namfundisha kitu kimoja kwa bidii, kila siku, kwa kengele na rangi: ukikosea, simama. Muziki mbele ya watu unataka kinyume chake kabisa. Ukikosea, pigo linalofuata halikusubiri. Hesabu inaendelea, na wewe uko ndani yake au uko nje.

Nilikuwa nimepima kile kilichokuwa rahisi kupimika. Makosa yanahesabika, basi nikayahesabu. Kuendelea hakukuwa na nambari, basi nikakusahau. Wangapi kati yetu tumeshafanya hivyo kazini? Tunahesabu hitilafu zilizofungwa kwa wiki na kujipongeza, huku mtumiaji hawezi kumaliza kununua tiketi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulipenda nilipoliona. Programu ile sikumwandikia mpwa wangu. Nilimwandikia mvulana wa miaka kumi na moja aliyetoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani dawa ya aibu ile ni kutokosea kamwe.

Asubuhi nilimpigia simu mwalimu wangu wa zamani. Amezeeka sasa na amestaafu shambani, lakini sauti yake ni ileile. Nilimweleza kila kitu, pamoja na MIDI na grafu. Alisikiliza kwa subira, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe umemfundisha mtoto kuandika insha kwa penseli. Piano haina kifutio." Nikanyamaza. Akaendelea: "Siku ile ulipozunguka, shida haikuwa kwamba ulipotea. Kila mtu hupotea. Shida ni kwamba sikuwa nimekuonyesha mlango wa kutokea. Hilo lilikuwa kosa langu, na nimelibeba."

Miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba naye alikuwa amelibeba.

Basi tulikuwa na siku kumi na mbili. Haya ndiyo tuliyofanya. Nayaandika moja moja kwa sababu najua baadhi yenu mna watoto wanaojifunza ala, na hata kama ni kayamba au zumari, mengi yatawafaa.

1. Milango. Tuligawa Minuet kwa milango minne: baa ya 1, ya 9, ya 17 na ya 25. Kila mlango mtoto aliuweka alama kwa kalamu ya rangi yake. Kazi yake ilikuwa kujua kuanza kutoka mlango wowote, bila kuanzia mwanzo. Mtoto aliyekariri kwa vidole tu anaweza kuanza mahali pamoja, pale mwanzo. Akikatika katikati, hana pa kuingilia. Ni kama programu isiyohifadhi kazi yako popote: umeme ukikatika, unaanza upya.

2. Kurukia mlango. Hili watoto walilipenda kuliko yote. Mmoja anapiga, mwingine nyuma yake anataja "tatu!" na mpigaji, popote alipo, anarukia mlango wa tatu pigo la kwanza la baa inayofuata. Hakuna kusimama. Walicheka mpaka machozi. Bila wao kujua, walikuwa wanafanya mazoezi ya kupotea.

3. Kuanza na mwisho. Tulifanyia mazoezi mlango wa nne kwanza, kisha wa tatu, kisha wa pili. Kwa kawaida watoto huujua mwanzo sana na mwisho kidogo, kwa hiyo kadiri wanavyosonga hofu inaongezeka. Ukigeuza, mtoto anatoka penye ugumu kwenda penye wepesi.

4. Njia panda. Baa ya 7 na ya 15 tulizipa majina. Ya 7, ya kitufe cheusi, tuliiita "bado". Ya 15, ya kitufe cheupe, tuliiita "nyumbani". Mpwa wangu alizitamka kwa sauti alipofika hapo. Mtoto anayejua kwa maneno pale njia inapogawanyika hategemei vidole peke yake.

5. Kelele. Netflix waliandika programu iitwayo Chaos Monkey, wakautoa msimbo wake hadharani mwaka 2012, ambayo kazi yake ni kuzima seva zao wenyewe ovyo ovyo ili waone kama mfumo utasimama. Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka mitatu wa jirani. Anayepiga anapiga, na huyu anakimbia, anaangusha sufuria, simu inalia, mtu anakohoa. Sheria ni moja: mkono usisimame.

6. Mambo ya mwili. Tulitengeneza kisanduku cha mbao cha kuwekea miguu ya walio wafupi. Kila mtoto alijua kiti kiwe umbali gani, na kwamba ana haki ya kukisogeza hata watu wakisubiri. Tulipiga tukiwa tumevaa viatu vya siku yenyewe, maana viatu vipya huteleza kwenye pedali. Yule wa Arabesque nilimfundisha aimbe moyoni baa mbili za kwanza kabla ya kugusa kitufe, ili achague mwendo wake yeye na si hofu imchagulie. Na yule wa vitufe 61 tulimwonyesha aitafute C ya katikati kwa tumbo lake, pale anapoketi, asihesabu kutoka ukingoni.

Na programu? Sikuifuta. Nilitoa kengele, nikatoa rangi, nikatoa alama. Skrini sasa ni nyeusi mtoto anapopiga. Inarekodi tu. Akimaliza inaonyesha nambari moja: kimya kirefu kuliko vyote kilichozidi pigo lake. Yaani uliposimama, ulisimama kwa muda gani? Siku ya kwanza ya mfumo mpya mpwa wangu alisimama kwa sekunde sita. Nilimwambia akosee apendavyo, tunataka kushusha hiyo sita tu. Aliniangalia kama mtu anayetegwa.

"Nikikosea haitalia?"

"Haitalia."

"Na wewe je, Mjomba?"

Hapo nilijifunza kwamba mashine haikuwa peke yake. Nikamwahidi kwamba mimi pia sitalia.

Siku ya tatu alikosea mara tisa na hakusimama hata mara moja. Nilimnunulia chipsi.

Jambo la mwisho lilikuwa wazazi. Sisi Wakenya tumekulia kwenye tamasha za muziki za shule, ambapo kuna majaji, kuna alama, na kuna anayefuzu kwenda mkoani. Ni utamaduni mzuri, umetupatia kwaya zinazosifika. Lakini umetuachia swali moja vinywani: "Umepata ngapi?" Niliwaandikia wazazi ujumbe mfupi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Niliwaomba siku ile wasiulize nani ameshinda, wasimtaje aliyekosea, na mtoto akishuka jukwaani wamwambie ni sehemu gani waliipenda. Baba mmoja akajibu, "Sawa mwalimu, lakini nani atakuwa nambari moja?" Kazi bado ipo.

Siku yenyewe ikafika. Watu kama arobaini, viti vya plastiki, chai kwenye birika kubwa nyuma. Wadogo walitangulia, maana kusubiri ndiko kunakomtesa mtoto. Yule wa miaka minane aliketi, akajiangalia tumbo, akaipata C. Pacha wawili walipiga wimbo wa kumbembeleza mtoto kwa mikono minne, mmoja akamaliza kabla ya mwenziwe, wakatazamana, yule wa kwanza akamsubiri. Watu walipenda sehemu hiyo kuliko zote.

Mpwa wangu alikuwa wa nne. Alisogeza kiti. Akakisogeza tena. Watu walisubiri. Nilimwona akitikisa kichwa kidogo kidogo, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Akaanza.

Tulikuwa tumekubaliana arudie nusu ya kwanza na asirudie ya pili, kwa hiyo jumla ni baa 48, dakika moja na sekunde ishirini hivi kwa mwendo wake. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nikihesabu kwa vidole ndani ya mfuko.

Akafika baa ya 15, na akabonyeza kitufe cheusi.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuona kosa likiingia kwenye mfumo unaotumika na watu, na huna la kufanya ila kutazama. Tumbo langu lilikuwa na miaka kumi na moja tena. Aliingia kwenye kitanzi, kilekile, mahali palepale. Sauti ikapanda kwenye A, "bado". Nikaona mabega yake yakikaza. Nikaitazama shingo yake, nikingoja igeuke kushoto.

Haikugeuka. Mkono ulirudi mlango wa pili, baa ya 9, kwa pigo lake kamili, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alipofika tena njia panda nilisoma neno lenyewe kutoka pale ukutani: "nyumbani". Kitufe cheupe. G. Akaendelea hadi mwisho, akainuka, akainama kwa heshima, akasahau upande wa kushukia, akashuka.

Makofi yalikuwa ya kawaida, kama ya wengine. Hakuna aliyejua. Kati ya watu arobaini, ni wawili tu tuliojua kwamba Minuet ile ilikuwa na baa 56.

Dada yangu alinijia na kikombe cha chai. "Kaka, imekuwa nzuri," alisema. "Lakini leo si imekuwa ndefu kidogo?"

"Sekunde kumi na tatu," nikamwambia.

Nilimkuta mpwa wangu nje, anakula andazi, viatu vipya ameshavivua. Sikumwambia kitu, niliahidi sitalia. Yeye ndiye alianza.

"Mjomba, nilipita mlango wa pili mara moja zaidi."

"Nilisikia."

"Watu walijua?"

"Hapana."

Akafikiri kidogo, akameza. "Basi ni yetu," akasema, akarudi kwenye andazi lake.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu darasa la tatu, nililiandika kwenye insha nyingi, na bado niliandika programu ambayo kila kuteleza ilikuhesabu kuwa kuanguka.

Jumamosi iliyofuata wote sita walirudi. Baada ya wao kuondoka nilifunga mlango, nikakaa, nikapiga Minuet ya G mwenyewe mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Baa ya 15 nilipita salama. Kisha nikamwandikia ujumbe mwalimu wangu wa zamani nikamuuliza kama, tamasha lijalo, kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja mkubwa kidogo kupanda jukwaani.

Haya, wiki ijayo tutarudi kwenye mambo ya seva. Muwe salama.